Hisa Zilizouzwa Mara Mbili

Maitu mpendwa, mama wa mume wangu,

Nakuandikia nikiwa mlangoni kwangu hapa Landless, Thika, jua likiwa bado changa na chai ikipoa kando yangu, kwa sababu kila nikiinua kikombe nakumbuka neno jingine la kukuambia. Ni miaka mingi tangu tukuzike. Mama aliyenizaa alikufa nikiwa mdogo, na neno Maitu nililipata upya kwako, siku niliyoletwa nyumbani kwako nikiwa na miaka kumi na minane na viatu vya kuazima.

Juma lililopita nilikuwa Ruiru, kwa mjukuu wangu Njeri, yule aliyepewa jina langu. Anaishi Membley, kwenye nyumba yenye geti na nyasi zilizokatwa vizuri. Nilisimama dirishani nikajaribu kukisia mahali zilipokuwa laini zetu, yale mabanda ya wafanyakazi wa shamba. Pale palipokuwa na kahawa tupu hadi mtoni sasa ni mapaa mekundu na magari yamelala kivulini. Lakini macho ya mzee yakichoka huona yanachotaka. Mapaa yakayeyuka. Nikaona mibuni imechanua baada ya mvua, nyeupe kama imemwagiwa maziwa, na harufu ile tamu iliyokuwa ikituumiza kichwa asubuhi, na wewe ukishuka katikati yake, kiondo mgongoni, ukanda wake kwenye kipaji cha uso, midomo ikitembea bila sauti. Nilijua ulichokuwa ukisema. Ulikuwa ukikariri agizo la memsahib, mke wa mzungu mwenye shamba.

Njeri alikuwa mezani na simu yake. Siku hizi hisa zinanunuliwa kwa simu, Maitu, mtu akiwa hata hajavaa viatu. Ameanza mwaka huu. Alikuwa ametuma agizo la kununua, simu ikazunguka-zunguka bila kumjibu, naye akainua kidole atume tena. Nilimshika mkono kabla sijajua ninafanya nini. Nikamwambia asubiri kwanza ajue lile la kwanza limefika wapi. Akacheka, akaniuliza, "Cucu, nani alikufundisha mambo ya hisa?"

Nikamjibu kwamba ni mama mkwe wangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Akaweka simu chini. Nami nikajikuta namwambia yale ambayo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Nataka niyaseme yote tena hapa, polepole, ingawa wewe unayajua. Nikiyaruka nitaruka na lile lililonileta.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa. Kamau, mwanao na mume wangu, alichukuliwa miezi mitano baada ya harusi yetu, akawekwa kizuizini, na kwa muda mrefu hatukujua hata ni upande gani wa nchi. Tukabaki wawili katika chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi. Mimi nilichuma kahawa. Wewe ulikuwa yaya wa nyumba kubwa kwa miaka kumi na sita, na watoto uliowalea walikuwa wameshapelekwa shule ng'ambo, ukabaki ukianika na kukunja nguo zao ambazo hakuna aliyezivaa.

Memsahib naye alikuwa mpweke, ingawa sisi hatukuwa na nafasi ya kumwonea huruma. Shangazi yake alikufa Uingereza akamwachia urithi mdogo, na mumewe hakuambiwa. Aliamua kununua hisa. Hakujua lolote. Alisoma magazeti tu, akipigia mstari majina ya kampuni kwa penseli kisha akiufuta mstari huo. Simu ya shamba hakuweza kuitumia, kwani waya mmoja ulikuwa wa mashamba matano, ukiinua ya kwako unawasikia majirani wakipumua. Barua hakutaka, kwa sababu bwana ndiye aliyefungua mfuko wa posta. Basi akakutumia wewe. Kila Alhamisi ulipanda treni Ruiru ukashuka Thika, na karatasi ya ruhusa iliyosema unakwenda kununua sufu na hamira. Hamira ulinunua kweli. Lakini kichwani ulibeba agizo la memsahib, ulipeleke kwa wakala mmoja mzungu mwenye ofisi ndogo karibu na stesheni, aliyewasiliana na madalali wa hisa wa Nairobi. Sisi tulimwita Kihara, kwa ajili ya kipara chake.

Nilikuuliza hisa ni nini. Tulikuwa tukimenya viazi. Ulifikiri kidogo, ukasema wazungu wanagawana kampuni kama sisi tunavyogawana mbuzi, ila wao hawali, wanauziana tu yale mapande, na mbuzi anaendelea kutembea. Nilicheka mpaka kisu kikanianguka. Kwamba mimi na wewe hatukuruhusiwa kununua hata pande moja la mbuzi huyo, hilo halikuhitaji kusemwa.

Nimekaa nikiwaza jinsi ulivyojifunza kazi ile. Hakuna aliyekufundisha. Ulijifunza kutokana na makosa ya memsahib, moja baada ya jingine, kama mtu anayejua njia kwa mawe yaliyomkwaza.

Mara ya kwanza alikuambia kwa kile Kiswahili chake, "Wewe sema nunua tu." Ukasema hivyo. Kihara akanunua kwa bei yoyote aliyotaka muuzaji, na memsahib alipoiona bei akakaa chini kwenye ngazi za veranda. Wewe hukushangaa. Uliniambia jioni ile kwamba mtu akifika sokoni akasema nipe tu, hata nyanya zilizooza atauziwa kwa bei ya mayai. Alhamisi iliyofuata ulisimama mbele yake ukakataa kuondoka mpaka akuambie mwisho ni shilingi ngapi. Alikuwa hajazoea kuulizwa maswali na yaya wake. Akakupa bei, na tangu hapo hakusubiri kuulizwa.

Kisha zikaja zile kampuni mbili za mkonge zilizofanana majina kama mapacha. Memsahib alitaka ile yenye mashamba karibu na Thika, akanunuliwa ile ya mbali. Ukaanza kusema jina, na baada ya jina ukasema mashamba yake yako wapi, ili asiyesikia jina asikie mahali. Na wakati mwingine aliagiza kitu kinunuliwe kikishuka bei, kisha akakisahau, na agizo likabaki kwa Kihara limelala kama mbwa mlangoni. Miezi miwili baadaye bei ikashuka, mbwa akaamka. Memsahib hakukumbuka hata kwa nini alikitaka kitu hicho. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kupokea agizo jipya ulimuuliza lile la zamani limeishaje, linaendelea au linafutwa.

Lakini siku ninayoipenda ni ile uliyomwambia Kihara arudie. Ulinisimulia mara nyingi, nami nimeisimulia kwa wanangu kama hadithi, nikikuficha ndani yake. Ulimpa agizo la kununua hisa mia moja. Aliandika bila kukutazama, akakupungia mkono uende. Hukwenda. Ukamwambia kwa sauti ileile uliyotumia kuwatuliza watoto, "Bwana, nirudishie nilichokupa." Alidhani umechanganyikiwa. Ukasema tena. Mwanamke mweusi, bila viatu, karatasi ya ruhusa mkononi, miaka ile. Alikasirika, akaisoma karatasi yake kwa nguvu ili akuaibishe, na katikati ya kusoma sauti ikamwishia. Alikuwa ameandika kuuza.

Alifuta, akaandika upya, akasoma tena yote. Na kila Alhamisi baada ya hapo alikurudishia maneno yako, na ulisema kwamba siku hizo alisimama wima akiyasoma.

Sasa nafika pale ninapoogopa.

Ulishikwa na kichomi wakati wa mvua ndefu. Ulilala na blanketi zote mbili na bado ulitetemeka. Jumatano memsahib alikuja mwenyewe mpaka laini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama nje ya mlango kwa sababu ndani hapakuwa na mahali pa kusimama. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba bei ya mkonge itaanguka. Alikuwa na hisa mia mbili za ile kampuni ya Thika, ndiyo mali kubwa aliyokuwa nayo katika urithi ule. Alitaka ziuzwe. Wewe ukaninyooshea kidole.

Asubuhi ya Alhamisi uliniita karibu. Pumzi yako ilikuwa moto. Ulinifanya niseme agizo mpaka ukaridhika: kuuza, mia mbili, mkonge, ile ya Thika, si chini ya shilingi kumi na moja. Kisha ukanishika mkono ukaniambia, "Usiondoke bila jibu."

Nilikuwa na karatasi ya ruhusa yenye jina langu, na ilisema niwe nimerudi saa kumi na moja. Kihara alinipokea vizuri. Alirudia maneno yote. Lakini simu ya Nairobi ilikuwa mbovu kwa sababu ya mvua, akasema atatuma telegramu na nisubiri. Nilikaa kwenye benchi. Nakumbuka sauti ya mvua kwenye mabati, na saa ya ukutani, na mikono yangu. Treni ya kurudi ilikuwa inakaribia. Pale stesheni ya Ruiru walisimama hom gadi, wale askari Waafrika wa serikali ya kikoloni, wakikagua karatasi, na wewe unajua nilivyowaogopa tangu usiku waliomchukua Kamau. Niliitazama karatasi yangu. Niliitazama saa. Nikainuka nikaenda. Kihara alikuwa ameinamia simu, hakuniona nikitoka.

Ulikuwa umelala niliporudi. Nilikaa kando yako nikakutazama ukipumua, na nilijiambia nitakueleza ukiamka. Ulipoamka hukunijua, uliniita kwa jina la dada yako aliyekufa. Sikukueleza.

Ijumaa asubuhi memsahib aliniita kwenye mlango wa jikoni. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida. Aliuliza kama zimeuzwa, nikamwambia sijui. Niliona akitaka kulia. Akasema niende tena, upesi, leo hii, nikaseme ziuzwe. Nikamwomba karatasi. Sauti ya bwana ikasikika chumba cha pili, naye akanisukuma nje taratibu na kufunga mlango. Sikuwa na karatasi. Nilirudi chumbani, nikachukua yako ya juma lililotangulia, yenye jina lako, nikaikunja ili tarehe isionekane. Nilisafiri nikiwa Gathoni. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza akili. Njia nzima nilikuwa nikikariri jina lako na siyo agizo.

Kihara hakuwepo. Alikuwepo kijana mzungu aliyemsaidia siku za Ijumaa. Nikampa maneno: kuuza, mia mbili, mkonge, ile ya Thika, si chini ya kumi na moja. Nikamwambia anirudishie. Akarudisha bila kukosea hata neno moja. Nikaona fahari, Maitu. Nikadhani nimefanya kama wewe.

Sikumwambia kwamba ni lile lile la jana. Hilo tu. Maneno machache mno, na sikuyasema. Kurudia maneno kunakamata kosa la sikio, lakini kosa lililo kichwani linarudiwa sawasawa, linatoka safi kama lilivyoingia.

La Alhamisi lilikuwa limefika. Hisa mia mbili zikauzwa. La Ijumaa likafika, zikauzwa mia mbili nyingine ambazo memsahib hakuwa nazo. Na bei ya mkonge, ambayo magazeti yalisema itaanguka, haikuanguka, ilipanda. Akatakiwa akanunue mia mbili kwa bei ya juu ili awape wale aliowauzia kwa bei ya chini. Barua ya madai ilitoka Nairobi ikaja shambani ndani ya mfuko wa posta, na bwana akaifungua akinywa kahawa.

Zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu uamke kitandani. Tuliitwa verandani sote wawili. Bwana alikuwa ameshika barua. Memsahib alikuwa amekaa, mikono yake imelala mapajani kama si yake. Hakupiga kelele, yule bwana. Nilitamani apige. Aliuliza ni nani aliyepeleka maneno Thika, na ni kwa nini yamepelekwa mara mbili. Memsahib alijua ni nani. Alitazama sakafu.

Nikafungua mdomo. Nakumbuka nilifungua. Wewe ukasema, "Ni mimi. Nilikwenda siku zote mbili."

Ulikuwa huwezi hata kusimama bila kushika nguzo. Kila mtu pale alijua kwamba Alhamisi ile ulikuwa kitandani, isipokuwa yeye. Nami nilielewa mara moja. Ningesema ni mimi, angetaka kuona karatasi yangu ya Ijumaa, na karatasi ya Ijumaa ilikuwa na jina la mtu mwingine. Kwa kosa hilo ningepelekwa alikopelekwa mume wangu, na Kamau, ambaye jina lake lilisemekana liko kwenye orodha ya wanaoelekea kuachiliwa, angerudishwa nyuma kwa ajili ya mke wake. Uliyaona hayo yote kabla mimi sijamaliza kuvuta pumzi.

Bwana akasema tuwe tumeondoka kufikia Jumamosi. Miaka kumi na sita. Ulikwenda kuaga nguo za watoto. Nilikuona kupitia dirisha ukizipapasa moja moja kabatini.

Kihara ndiye aliyetuandikia barua ya ruhusa ya kukaa Thika. Hatukumwomba. Alikuwa amesikia yaliyotokea, akamuuliza kijana wake aliyekuja Ijumaa alikuwa mwanamke wa umri gani, na jibu likamtosha. Alikuja kutukuta tulipokuwa tumeweka mizigo, akakupa barua, akakuambia kwamba kuanzia sasa kila mteja anayeleta agizo atamuuliza kama ni jipya au ni lile lile. Ulimwambia angalianza zamani. Akasema ndiyo.

Tukapata chumba upande wa Kamenu. Ukauza viazi sokoni, mimi nikafua nguo za watu. Na hukuwahi, hata siku moja, hata siku chakula kilipokuwa kidogo, kunigusia jambo lile. Nilisubiri ulitaje. Nilikuwa nikifua huku nimelisubiri. Nilitaka unitukane ili niweze kulia mbele yako. Badala yake ulinisuka nywele, ukaniambia nyumba hii ina baridi, tutafute mabati ya kuziba pale.

Memsahib alikuja sokoni mara moja. Nilikuwa nawe siku hiyo. Alivaa kofia kubwa na alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya viazi vyako muda mrefu kama mtu asiyejua viazi ni nini, kisha akasema, "Gathoni, ilikuwa kazi yangu kusema." Ukamuuliza anataka vingapi. Akasema debe dogo. Ukampimia, ukamwongezea kiazi kimoja juu kama ulivyomwongezea mteja yeyote. Alipoondoka nilikuuliza kwa hasira kwa nini umemwongezea. Ukaniambia, "Yule naye ni mke wa mtu." Ukaanza kupanga viazi upya.

Kamau alirudi mwaka uliofuata. Alikuja kwa miguu kutoka stesheni, mwembamba, na tangu siku hiyo aliongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu amelala. Nilingoja aulize kwa nini tumehama Ruiru. Hakuuliza. Nilidhani ni uchovu. Kisha nikadhani ni heshima kwako. Watoto wakaja, wa kwanza wa kike tukampa jina lako, ukambeba mgongoni ukipanga viazi. Uhuru ukaja. Tukahamia hapa. Ukazeeka, ukalala, na asubuhi moja hukuamka. Nami bado nilikuwa na maneno yale mdomoni, yale niliyoyafungulia mdomo verandani.

Nilipotoka kwa Njeri juma lililopita nilimkuta Kamau nyuma ya nyumba akipalilia sukuma. Ana miaka themanini na kitu, bado anapalilia. Nikamwambia nina jambo. Nikamwambia kwamba si wewe uliyepoteza nyumba yetu ya Ruiru, ni mimi. Kwamba niliondoka bila jibu, nikasafiri kwa jina lako, nikauza mara mbili kitu kilichokuwepo mara moja. Nilisema nikiwa nimesimama, kama mtu aliye mahakamani.

Aliegemea jembe lake. Akasema, "Najua."

Ulimwambia siku aliporudi. Nilikuwa nimekwenda mtoni Chania kuteka maji, nanyi mlikuwa peke yenu, na ulimweleza yote, kisha ukamkataza kunigusia mpaka mimi mwenyewe nitakapotaka. Amekaa nalo maisha yetu yote. Amelala kando yangu nalo.

Nilikukasirikia, Maitu. Sitakuficha. Nilikwenda ndani nikakaa kitandani nikakukasirikia kwa muda mrefu, wewe na mwanao. Mlinihurumia pamoja, mkaniacha nibebe peke yangu kitu ambacho sote watatu tulikuwa nacho. Ungeniambia neno moja tu pale sokoni, ningelala vizuri miaka hii yote. Huenda ulidhani unaniachia heshima yangu. Mimi nilikuwa tayari kuitoa.

Lakini jioni Kamau aliketi karibu nami, akaniambia na lile jingine ulilomwambia siku ile, ambalo alisema hakuwahi kulielewa vizuri. Ulimwambia: "Kosa si la mkeo. Nilimpa maneno, nikasahau kumpa ruhusa ya kuchelewa."

Nimelizungusha neno hilo siku sita. Nimeliona benchi lile, na saa, na mvua kwenye mabati, na msichana wa miaka kumi na tisa mwenye karatasi mkononi. Kwa mara ya kwanza nimemtazama bila kumchukia. Alikuwa anaogopa tu. Ulilijua hilo ukiwa na homa kitandani, na mimi imenichukua mpaka uzee.

Hata hivyo sikubaliani nawe. Kosa halikuwa lako. Ulinifundisha kitu sahihi, nami nilikijua nilipokuwa nikiinuka kutoka kwenye benchi. Umelibeba muda mrefu vya kutosha, hai na mfu. Jana nilimwita mwanangu mkubwa na dada zake, nikawaambia wote, na Kamau akiwa hapo, nikataja jina langu kila mahali ambapo miaka yote nilitaja lako. Gathoni wetu, mwenye jina lako, akaniuliza kama nilikula chochote siku ile ya Ijumaa, na nikakumbuka kwamba sikula.

Lala sasa, Maitu. Usihangaike na mimi. Ninapumua vizuri, na Kamau ameacha kuongea kwa sauti ya chini. Huko uliko, wakikuuliza nani alikwenda Thika siku ya pili, waambie ni mke wa mwanao, kwa miguu yake mwenyewe.

Ni mimi, mkaza mwana wako,
Njeri